Vidokezo vya Shangazi

Shangazi yangu amefanya kazi ndani ya chumba kimoja kwa miaka thelathini na moja, na kama kuna mtu aliyewahi kumshukuru, basi siku hiyo mimi nilikuwa msalani. Chumba chenyewe kiko nyuma ya maktaba, kina dirisha lisilofunguka, meza mbili, kabati la chuma lenye mlango unaolia, na kompyuta ambayo ukishaiwasha unaenda kwanza kunywa maji ndipo urudi. Kila kitabu kinachoingia kwenye maktaba yetu lazima kipite humo kabla ya kwenda rafuni. Shangazi anakifungua, anakigeuzageuza, anaandika kwenye katalogi jina lake, mwandishi wake, kinahusu nini na kikae wapi. Watu wanadhani vitabu vinajipanga vyenyewe.

Mimi ni karani wa dawati la mbele, yule anayegonga mihuri na kugombana na wachelewaji. Shangazi ndiye aliyenitafutia kazi, sikatai, na anayetaka kusema na aseme. Ni dada wa baba yangu. Alinichukua nikiwa na miaka tisa, mama alipofariki na baba akasema anakwenda kutafuta kazi. Akatafuta mpaka leo. Miezi ile ya kwanza sikuwa nasema na mtu. Nikitoka shule nilikaa chini ya meza yake, nikasoma chochote alichonipa, mpaka saa ya kufunga. Nilipoajiriwa niliendelea kumwita Shangazi mbele za watu, na kwa kuwa mdomo wangu ni mpana, maktaba nzima ikamwita Shangazi, hadi Mkuu wa maktaba mwenyewe.

Ngoja niseme na lile lililokuwa moyoni mwangu muda mrefu. Nyumbani Shangazi si mtu wa maneno. Anarudi jioni, anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, anavua kiatu kimoja, anapumzika, anavua cha pili, na hapo ndio basi tena. Ukimuuliza siku ilikuwaje, atakwambia, "Watu wengi." Nilipofaulu mtihani wa mwisho wa shule nilikuja mbio barabara nzima kumwambia. Alisema, "Vizuri. Chakula kiko jikoni." Maneno yake yote alikuwa anayamalizia kazini.

Na hayakuishia hewani, aliyaandika. Rekodi ya kila kitabu kwenye katalogi ina sehemu inaitwa Vidokezo. Imewekwa kwa ajili ya mambo kama "ukurasa wa kumi umechanika" au "jalada limelowa". Shangazi aliijaza mambo mengine kabisa. Mnajua, mtu akija maktaba haji na jina la kitabu. Nimekaa dawatini miaka kumi na minne, wanaokuja na jina kamili nawahesabu kwa vidole. Mtu anakuja anasema, "Nataka kile cha kuku wanaosinzia." Kitabu chenyewe kinaitwa *Misingi ya Afya ya Ndege Wafugwao*. Mfuga kuku atalijuaje jina hilo, jamani? Basi Shangazi akishamtafutia, anarudi chumbani kwake na kuandika kwenye Vidokezo: "Huulizwa kama: kile cha kuku wanaosinzia." Alianza enzi za kadi, kwa penseli, nyuma ya kadi, kompyuta ilipokuja akazichapa zote moja moja. Mfumo wetu wa zamani ulikuwa unatafuta kila mahali, kama mtu aliyepoteza funguo, kwa hiyo ukiandika "kuku wanaosinzia" kitabu kinatokea. Msomaji anaondoka na kitabu chake, hajui kuna mtu alimfikiria.

Mwaka huu ukaletwa mfumo mpya. Uliletwa wiki ile ile ya mwisho ya Shangazi kazini, maana Ijumaa yake ndiyo ilikuwa siku ya kustaafu. Jumatatu asubuhi alikuja fundi wa kompyuta, mtu mnene mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Mkuu akamsukumia Shangazi.

"Wewe ndiye unayevijua vitabu," alimwambia. "Kaa na fundi mpange utafutaji."

"Nina siku tano, Mkuu."

"Ndiyo maana nasema uanze leo."

Shangazi akashusha pumzi, akavuta kiti. Macho yake yamechoka siku nyingi. Akitazama kioo cha kompyuta nusu saa yanaanza kutoa machozi, naye anayafuta kwa kitambaa cha miwani kana kwamba ni vumbi tu. Niliwapelekea chai nikasimama pale mlangoni, maana dawatini hakukuwa na mtu, na hata kama angekuwepo angengoja.

Fundi akafungua ukurasa wa mipangilio. Ulikuwa ni orodha tu: jina la kitabu, mwandishi, mada, jina jingine, mwaka, Vidokezo, na kila kimoja kina kisanduku mbele yake na namba.

"Ukiweka tiki, mfumo unatafuta humo," fundi alieleza. "Usipoweka, unapita kama haujaona. Hivi vinne vya juu vimekuja na tiki, haviondoki. Vingine ni hiari yenu. Namba ni uzito. Kikiwa na namba kubwa, matokeo yake yanatangulia."

"Vidokezo havina tiki," alisema Shangazi.

"Wengi hawaweki. Huwa ni takataka tu humo."

Shangazi akamtazama. Mimi nikaangalia dari, maana najua mtazamo ule, nimelelewa nao.

"Weka," akasema.

"Sawa. Uzito? Kuanzia moja mpaka kumi."

"Kumi."

"Jina la kitabu lenyewe lina nane, Shangazi."

"Kwani nani anakuja na jina la kitabu?"

Fundi akaweka kumi. Wakajaribu. Kuku wanaosinzia, wakatokea. "Kile cha kumjibu mwenye nyumba kwa barua," kikatokea. "Kile cha mtoto anayekojoa kitandani," kikatokea, tena cha kwanza kabisa. Halafu Shangazi akaandika mwenyewe, "figo", na kikatokea *Mwongozo wa Lishe katika Maradhi Sugu*, kitabu cha kijani ambacho jina lake halina figo wala harufu ya figo. Hicho anakisoma fundi baiskeli wa pale kona. Mke wake anaumwa figo, na kila Jumatatu huja, Shangazi humtolea kitabu, aangalie kipi mgonjwa ale na kipi asile, kwa sababu hospitali walimwambia mara moja tu, haraka haraka, na yeye anaona aibu kuuliza tena.

Shangazi alicheka. Nasema alicheka, meno yakaonekana. Akaegemea kiti.

"Sasa naweza kwenda zangu," akasema.

Hapo ndipo nilipojua alichokuwa anakitaka. Hakutaka sherehe, hakutaka cheti. Alitaka Jumatatu inayofuata, kiti chake kikiwa kitupu, mtu akija na maneno yake ya mdomoni asirudishwe. "Mtu mwenye haya ukimwambia hakuna mara moja," alisema, "humuoni tena." Basi. Miaka thelathini na moja, na ombi lenyewe ni hilo.

Jumatano Mkuu akaja kukagua. Alikuja na shati jipya, akasimama nyuma ya kiti, akasema hebu tuone. Akaonyeshwa kuku, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainama, na kwa kuwa binadamu tumeumbwa hivyo, akajitafuta. Akaandika "Mkuu".

Sasa lazima nikiri jambo. Vidokezo vya Shangazi havikuwa vya wasomaji wenye haya tu. Siku zote alijua anayeviona ni yeye na mimi, maana mfumo wa zamani tuliugusa sisi wawili tu, kwa hiyo mle mle alikuwa anatua mizigo yake. "Mama wa duka la dawa hukirudisha na mchanga." "Mwalimu huyu hukata picha. Asipewe." Nilivijua, nilivicheka miaka mingi. Ila siku ile ya Jumatatu tulivyofurahia kile kisanduku, hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba ukiweka tiki, basi dunia nzima inasoma.

Yakaja matokeo matatu. La kwanza: "Mkuu alikichukua tangu mwaka juzi. Anasema amerudisha. Hajarudisha. Namjua." La pili: "Mkuu alikipendekeza kinunuliwe. Hajakisoma." La tatu silirudii, lilihusu chakula na kurasa.

 Fundi alianza kutafuta kalamu. Shingo ya Mkuu ilivimba ndani ya lile shati jipya.

"Shangazi," akasema taratibu, "hivi ni vidokezo au ni mashtaka?"

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini pia, Mungu anisamehe, nilikuwa nabana kicheko. Kikaniishia Mkuu alipoandika jingine. Aliandika "talaka". Ikatokea rekodi iliyosema nani alikiazima, lini, na kwamba alikisoma amekaa upande wa ukutani ili asionekane. Ni mama tunayemfahamu sote. Mkuu akaifunga ile rekodi haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu. Na hapo alikuwa na haki, siwezi kumnyima.

"Vizimwe," akasema. "Tena visihamishwe kabisa. Ijumaa saa kumi alasiri mfumo mpya unawashwa. Sitaki kuona kidokezo hata kimoja."

"Visipohamishwa vinapotea," fundi alisema. "Havirudi tena."

"Ndiyo maana yake."

"Viko elfu kumi na moja na mia mbili, Mkuu," fundi aliongeza.

"Sawa, Mkuu," alisema Shangazi. 

Alipotoka nilimfuata ukumbini nikiwa natoa povu. "Si ungeandika matusi yako kwenye daftari kama watu wengine!"

"Nilikuwa nimechoka," alisema.

"Umechoka miaka thelathini?"

"Ndiyo."

 Alirudi chumbani akakaa mbele ya ule ukurasa wa mipangilio, mikono mapajani. Fundi alitoa tiki ya Vidokezo kwa shingo upande, akaomba radhi, eti kana kwamba ni kosa lake. Shangazi alikuwa anaangalia tu ile orodha.  Kisha akaweka kidole kwenye kioo, jambo ambalo mimi nikilifanya hunifokea.

"Hiki cha nne. Jina jingine. Hiki hakizimiki?"

"Hakizimiki. Ni kwa vitabu vyenye majina mawili. Kitabu kikijulikana kwa jina jingine, linaandikwa hapo."

"Kikijulikana na nani?"

Fundi akafikiri. "Kanuni haijasema. Na watu, nadhani."

"Basi watu wanakiita *kile cha kuku wanaosinzia*. Hilo ndilo jina lake jingine."

Fundi akajikuna kisogo, akatazama mlango, akatazama kompyuta. "Haijakatazwa," akasema. Mkuu alikuwa amekataza vidokezo. Majina hakuyagusa.

Ila hakukuwa na njia ya kuyahamisha kwa mkupuo, kwa sababu ndani ya kidokezo kimoja maneno ya msomaji na masengenyo ya Shangazi yamechanganyika, na mashine haijui kuchambua. Ilibidi kufungua rekodi, kusoma, kuchukua yanayofaa, kuyaweka kwenye jina jingine, kuhifadhi, kungoja ule mduara wa kwenye kioo uzunguke mpaka ukome. Dakika mbili kwa kitabu, tatu mfumo ukijisikia kuzubaa. Tulipiga hesabu. Mpaka Ijumaa saa kumi, tukijikaza, tungefikisha mia tano au zaidi kidogo. Vilivyobaki ndio hivyo tena.

Kwa hiyo ilibidi kuchagua. Mimi nilishika kompyuta kwa sababu ya macho yake, yeye akakaa pembeni kayafumba. Namsomea, naye anasema "weka" au "pita". Nikiitwa dawatini, anavaa miwani anaendelea mwenyewe, polepole, pua imegusa kioo.

"Kile cha sheria za mpira."

"Pita."

"Cha mzee wa redio, kile chenye michoro ya nyaya. Huyo anakuja kila wiki!"

"Ana mdomo. Atakuuliza wewe. Pita."

"Na mimi nitajuaje?"

"Utajua. Endelea."

"Kile cha mtu mzima kujifunza kusoma asionekane."

"Weka."

"Kile cha uvimbe kwenye titi."

"Weka. Hakikisha umehifadhi."

Nikaelewa kipimo chake. Wenye mdomo aliwaacha. Aliokuwa anawaweka ni wale wanaokuja wakiangalia chini, ambao wakikosa hawaulizi. Ukisikia hivyo unaona ni jambo jema, lakini kaa kwenye kile kiti uone. Kila "pita" ilikuwa mtu ninayemjua kwa sura. Alhamisi mchana niligoma, nikasema simpiti yule mama wa ushonaji, na Shangazi bila kufumbua macho akasema, "Ukimweka yeye, mtoe mwingine. Nani?" Nikampita. Mgongo ulikuwa unaniuma, bega lake lilikuwa limekaza hata kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto, na mduara ule ulikuwa unazunguka tu.

Jioni ile tulirudi nyumbani kwa miguu. Alikaa kwenye kiti chake cha mlangoni, akavua kiatu kimoja. Nami uchovu ukanitoa adabu.

"Unajua, Shangazi," nikasema, "mfuga kuku ana kidokezo. Mwenye nyumba na mpangaji wake wana kidokezo. Mtu aliyekuja mara moja mwaka wa jana akapiga chafya kwenye kitabu ana kidokezo. Sisi wa nyumbani hata nusu mstari hatuna. Miaka ishirini na tisa niko mbele ya macho yako."

Alinitazama. Nilidhani leo atasema kitu.

"Chakula kiko jikoni," akasema.

Na nilikuwa nimekipika mimi, asubuhi! Nilicheka kwa hasira, nikaenda kulala bila kumuaga.

Ijumaa tulikwenda kama watu wanaohama nyumba. Chakula cha mchana hatukula. Saa tisa na nusu Mkuu alipitisha kichwa mlangoni kutukumbusha kwamba kuna hotuba. Saa kumi kasoro dakika nne tulikuwa rekodi ya mia tano na arobaini na kitu, ndipo nikaruka kitini.

"Figo! Mama yangu wee, figo hatujaiweka!"

Tulikuwa tumefuata mpangilio wa rafu, na kitabu kile, kwa jinsi kinavyotumika, kwenye kompyuta kilikuwa kimeandikwa kiko kwenye kitoroli cha vilivyorudishwa, nje ya orodha ya rafu yake. Tulikipita hivi hivi. Kabla sijaandika, kengele ya dawati ikalia, na ikalia tena, watu wanarudisha vitabu vya wiki kwa mkupuo mmoja.

"Nenda," alisema Shangazi akivaa miwani. "Nipishe. Nitaiweka mwenyewe."

"Muda umebaki wa moja tu, Shangazi. Labda na nusu."

"Najua. Nenda."

Niligonga mihuri kama mtu anayeua mende. Niliporudi ilikuwa saa kumi na dakika mbili, kioo kimekuwa cheupe, na fundi anasema mfumo mpya umeshika. Shangazi alikuwa anafuta miwani.

"Umeiweka figo?"

"Nimeiweka," alisema. Hakunitazama.

Mkuu alihutubia dakika saba, akampa saa ya ukutani. Saa! Mtu aliyeingia kazini kabla ya kila mtu kwa miaka thelathini na moja. Shangazi akashukuru, tukaibeba nyumbani ndani ya boksi lake.

Jumamosi na Jumapili alikaa. Hakula vizuri. Nikimpikia anagusagusa. Nikasema kustaafu ndiko huko, mwili unatafuta kazi na kazi haipo. Mara mbili nilimkuta amevaa viatu.

Jumatatu Mkuu aliniambia nishike dawati asubuhi na kiti cha Shangazi mchana, "kwa muda, mpaka tuajiri mtu", na muda wa pale naujua. Saa nne hivi akaingia fundi baiskeli. Alijifuta mikono kwenye suruali mara tatu, kwa sababu ya grisi, kabla ya kugusa kompyuta mpya ya wasomaji iliyowekwa ukumbini. Aliandika kwa kidole kimoja. Nilikuwa namtazama huku natabasamu kabisa, nikisubiri afurahi.

"Hakuna matokeo."

Alisoma.  Hakugeuka kunitazama, hakuuliza. Akainua kofia yake mezani, akaanza kwenda mlangoni, kama Shangazi alivyosema wangefanya.

Niliruka dawati, sina aibu kusema. "Subiri kwanza, bwana! Mashine bado ngeni hii, usiisikilize!" Nikamshika mkono pamoja na grisi yake, nikamrudisha, nikaenda rafuni nikamletea kile cha kijani. Akakaa. Akakifungua pale pale alipokuwa ameishia wiki iliyopita.

Mimi nikaingia chumba cha nyuma nimefura. Alinidanganya! Mtu wa "weka" na "pita", mtu aliyenitoa jasho kwa ajili ya wenye haya, ananiangalia usoni, na hata usoni hakuniangalia, anasema nimeiweka. Au macho yalimponza, akaweka kwenye rekodi isiyo yake? Nikafungua orodha ya mabadiliko ya mwisho. Mfumo mpya una sifa hiyo, unaandika nani alibadilisha nini na saa ngapi.

Badiliko la mwisho kabisa lilikuwa la Ijumaa, saa kumi kasoro dakika mbili, kwa jina lake. Haikuwa figo. Kilikuwa kitabu cha watoto, *Kobe Ahamia Ng'ambo*, chembamba, cha zamani, ambacho sijaona kikiazimwa tangu niajiriwe. Kwenye sehemu ya jina jingine alikuwa ameandika:

"Kile cha mtoto ambaye baba yake harudi."

Nilikaa. Kwanza sikuelewa, kisha nikaelewa kwa mpigo mmoja. Ni mimi. Yalikuwa maneno yangu. Nilikuwa chini ya meza ile ile, nina miaka tisa, sijasema na mtu kwa miezi, nikatoa kichwa nikamuuliza kama kuna kitabu hicho. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliwahi kuuliza. Yeye aliyaandika nyuma ya kadi, akayachapa kompyuta ilipokuja, akayabeba miaka ishirini na tisa kama nilivyoyasema. Na alipobakiwa na nafasi moja tu kati ya zote, alimpita mke wa fundi baiskeli akaniweka mimi.

Labda alimfikiria mtoto mwingine, atakayekuja kesho na swali lile lile. Inawezekana. Lakini kama ingekuwa hivyo tu, asingenidanganya. Nililia, na sitasema kwa muda gani, ila kengele ya dawati ililia mara nne bila mtu kuitikia.

Nilipomaliza, kwa kuwa kiti na ruhusa ya kuandika sasa vilikuwa vyangu, nikafungua rekodi ya kitabu cha kijani, nikaandika jina jingine kwa mkono wangu: "Kile cha figo." Nikahifadhi. Nikangoja mduara. Nikaenda ukumbini nikajaribu, kikatokea.

Jioni nilimkuta kwenye kiti chake karibu na mlango, amevaa viatu, na hakuwa ametoka popote. Ile saa bado iko kwenye boksi.

"Watu walikuwa wengi?" aliuliza.

"Wengi."

Akasugua goti. Akasugua tena. "Fundi baiskeli alikuja?"

"Alikuja."

"Akaandika mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa kidole kimoja."

"Akakipata?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga nitakayomwambia. Nilitaka kumwambia nimeona, nimekumbuka, nikae chini nimshike miguu. Nikamtazama vile alivyokaa, bega limekaza, anangoja jibu tangu Ijumaa, na nikajua nikisema nimeona, lile la figo litamkaa moyoni mpaka anaingia kaburini.

"Alikipata, Shangazi," nikasema. "Pale pale."

Alishusha pumzi ndefu. Akainama, akavua kiatu kimoja, akapumzika, akavua cha pili.

"Vizuri," akasema. "Chakula kiko jikoni."

Na kweli, safari hii alikuwa amepika yeye. Nikapakua sahani mbili, nikamletea yake pale pale mlangoni.